Akiba Isiyooza



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya masomo, uchumba, ndoa na kazi. Juu ya uzee hatuzungumzi. Twadhani ni jambo la wazee, na wazee nao hulinyamazia. Kwa maana kwetu mtu atajaye kifo chake na mali yake kwa pamoja huonekana anakiita kifo, na mtoto aulizaye habari hizo huonekana anamngojea baba yake afe. Basi kila upande hukaa kimya hadi siku ya msiba, na siku hiyo maneno yote husemwa kwa mara moja, kwa sauti kubwa, mbele ya majirani.

Tunaandika haya sisi watoto wa nyumba moja ya Luberizi, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 37. Mama ni mkulima wa mpunga. Hatuna elimu ya benki wala ya sheria. Tunayo tu njia tuliyopitishwa na Baba katika miaka yake ya mwisho, na tunaona kwamba inawahusu ninyi zaidi kuliko wazee, kwa sababu uzee hujengwa na mtu angali kijana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wazazi wetu waliiona ikioza mikononi mwao. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache. Mtu aliyekuwa ameficha fedha zake ndani ya mtungi, mbali na benki, alibaki na karatasi. Mwezi wa Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, na moja yake ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, na moja yake ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu: franka moja, ambayo leo haionekani tena sokoni, ilichukua nafasi ya zaire 300,000,000,000 za aina ile aliyolipwa Baba alipoanza kufundisha. Katikati ya hayo vilikuja vita vya 1996. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama, ng'ombe waliporwa, watu walivuka Ruzizi kukimbilia Burundi, na hati zao zikabaki chini ya magodoro.

Kwa hiyo kizazi kile kisilaumiwe kikiwa kilikata shauri kwamba akiba za kweli ni mbili tu: ardhi na mtoto. Franka huoza, lakini shamba halikimbii, na mtoto aliyesomeshwa hatamwacha mzazi wake alale njaa. Ndivyo Baba alivyofikiri, na ndivyo alivyoishi. Alinunua shamba la mpunga la are 60, akasomesha watoto watano.

Alipofikia mwisho wa kazi alipeleka karatasi zake kwenye ofisi iliyohusika, mara ya kwanza, ya pili, na ya tano. Kila safari ilikuwa na nauli yake na picha zake mpya. Fedha za kumalizia kazi hazikuja. Basi, bila kikao chochote na bila mtu kutuuliza, sisi watoto tukawa pensheni yake. Mkubwa wetu, muuguzi mjini Uvira, alituma dola alipopata mshahara. Ndugu yetu wa tatu, dereva wa mototaksi kati ya Sange na Luvungi, alitoa siku ambayo barabara ilikuwa salama. Dada yetu muuza ndagala alileta chumvi, sabuni na mafuta kila juma; lakini kwa kuwa hakutoa dola, hakuna aliyemhesabu. Mtoaji wa fungu kubwa alianza kusema kwa sauti kubwa, na asiyekuwa na kitu alianza kukosa kuja nyumbani siku za sikukuu, kwa aibu. Upendo ulikuwepo, ila utaratibu haukuwepo; na upendo usio na utaratibu huchoka upesi.

Kisha ndugu yetu wa mototaksi alimwomba Baba auze nusu ya shamba ampe sehemu yake mapema, anunue pikipiki iliyo yake, aache kufanya kazi kwa ajili ya mwenye pikipiki. Ombi lake lilikuwa na haki ndani yake: alikuwa na watoto watatu, na kila jioni sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwa mtu mwingine. Baba alimsikiliza, akanyamaza siku mbili. Halafu alimjibu kwa mafundisho ya Yoshua bin Sira, katika sura ya 33, pale mwenye hekima anapomwonya mtu asiwape wengine mamlaka juu yake na mali yake maadamu yu hai, bali aigawe saa yake ya mwisho ikifika. Akaongeza ya kwake: “Nikiuza shamba leo, kesho mimi na mama yenu tutakula mkononi mwenu, nanyi mtatuchukia bila kupenda. Lakini neno lako nimelisikia. Waite wenzako wote, dada zako pia.”

Tulikaa jioni tatu, na Mama alikaa pamoja nasi tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni ya kwanza Baba alifungua daftari la shule, akaandika vitu vyote. Shamba la are 60, na majina ya waliopakana nalo. Parseli yenye nyumba, na karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mkubwa wa mtaa. Ng'ombe wawili waliokaa kwa mchungaji huko milimani, na masharti ya kugawana ndama. Michikichi 14. Fedha zilizomo ndani ya simu, ambazo sisi wote hatukujua kwamba zipo. Kisha akageuza ukurasa akaandika madeni: ya watu waliomdai, na ya watu aliowadai. Huko tulishangaa. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba mzazi huacha mali. Hatukuwahi kufikiri kwamba huacha pia madeni, na kwamba deni lisiloandikwa hukua baada ya kifo, kwa kuwa kila mtu anaweza kuja matangani na kudai anachotaka.

Jioni ya pili aliandika majina ya watoto. Aliandika matano yetu, kisha akaandika la sita. Alikuwa mwanamume mtu mzima aliyezaliwa Kamanyola kabla ya Baba kumwoa Mama, na sisi tulikuwa hatujawahi kumwona. Hatutawaficha: mkubwa wetu alisimama akatoka nje. Aliyemrudisha ni Mama. Alisema kwamba yeye alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwamba mara nyingi unga uliokosekana nyumbani ulikuwa umekwenda Kamanyola, na kwamba heri kulia leo Baba akiwepo ajibu maswali, kuliko kulia siku ya mazishi mbele ya mgeni asiye na wa kumsemea.

Jioni ya tatu ndugu mmoja wa Tume ya Haki na Amani ya parokia alikuja kutueleza sheria. Tunayaweka hapa yale tuliyoyashika, kwa maana yanawahusu nyote.

Sheria ya Familia ya nchi yetu, nambari 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, kwa mafungu yaliyo sawa. Haitofautishi mwana na binti. Neno lile tulilolisikia mara nyingi, kwamba binti ataolewa na atakula kwa mumewe, halimo. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao, nao wakapewa. Dada zetu hawakudai, lakini walisikiliza kwa makini sana. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye anarithi pamoja na wengine, iwapo baba alimtambua kisheria angali hai. Wasia hauwezi kuwanyang'anya watoto robo tatu yao. Robo inayobaki ni ya mjane, ya wazazi wa marehemu, na ya ndugu zake. Wote wakiwepo, kila kundi hupata sehemu moja ya kumi na mbili. Kumbe baba mdogo, ambaye tulizoea kumwogopa kama mnyang'anyi wa matangani, naye ana kifungu chake halali, ila ni kidogo kuliko kelele.

Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake. Na kabla ya urithi wowote, ikiwa wenzi hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, vilivyochumwa ndani ya ndoa ni vya wawili. Nusu ni ya mjane, wala si urithi hata kidogo. Lakini yote haya yanataka ndoa iliyoandikishwa. Hapo wazazi wetu walitazamana. Walikuwa na ndoa ya ukoo na ndoa ya kanisani, na cheti cha parokia kilihifadhiwa vizuri. Katika ofisi ya hali ya raia, ile tunayoiita etasivili, hapakuwa na kitu. Cheti cha parokia ni kitakatifu kwetu, ila mbele ya hakimu hakichukui nafasi ya hati ya serikali.

Tukaichukua kalamu tukagawa shamba kwa mfano. Are 60 zilinunuliwa ndani ya ndoa, basi 30 ni za Mama. Katika 30 zilizobaki, robo tatu ni are 22.5, kwa watoto sita, kila mmoja anapata chini ya are 4. Hapo ndipo ndugu yetu wa mototaksi alipocheka kwa mara ya kwanza katika siku zile tatu. Alikuwa akilitamani shamba, kumbe haki yake ilikuwa matuta machache ya nyanya. Tulielewa sote kwamba ardhi ile inamlisha mtu ikiwa moja, na ikikatwa vipande sita haimlishi yeyote. Ugomvi unaotenganisha ndugu kwa miaka ishirini mara nyingi ni ugomvi wa kitu ambacho, kikigawanywa, hakitoshi hata kulipa gharama ya kesi.

Basi Baba aliandika wasia kwa mkono wake mwenyewe, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, akatia tarehe na sahihi. Sheria inautambua wasia wa namna hiyo, kama inavyoutambua ule unaofanywa mbele ya notere au ofisa wa etasivili. Aliomba shamba lisikatwe maadamu Mama anaishi, lilimwe kwa zamu, na mavuno yagawanywe baada ya fungu la Mama kutolewa. Alimtaja dada yetu muuza ndagala kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na desturi ya kuandika hesabu. Mwezi uleule walikwenda yeye na Mama kuandikisha ndoa yao, na baadaye akaenda na yule mwana wa Kamanyola kumtambua mbele ya ofisa. Kuhusu sisi, tuliandika katika daftari lilelile kila mmoja atatoa nini kwa mwezi, na chumvi na sabuni za dada yetu zikahesabiwa kwa bei ya soko. Ikaonekana kwamba ndiye aliyekuwa wa pili kwa kutoa. Na yule wa mototaksi alikopa katika mutuelle yao ya mshikamano, akalipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minane, akapata pikipiki yake bila kuuza hata are moja.

Baba alifariki miaka miwili baadaye. Matangani wadai walikuja, na dada yetu akafungua daftari. Waliokuwemo walilipwa, wawili wasiokuwemo walikunywa chai wakaenda zao. Baba mdogo alisoma wasia, akakiandikia Mama kifungu chake chote. Ndugu yetu wa Kamanyola alisimama kaburini katika mstari wa watoto. Hatusemi kwamba tunapendana bila mawingu. Twasema kwamba hakuna aliyekwenda mahakamani, na kwamba Mama analala katika chumba chake.

Vijana wenzetu, kutokana na njia ile sisi tumekata shauri la mambo machache, nasi tunawashauri.

Kwanza, mtoto si pensheni, na kifo cha mzazi si mtaji. Kuwatunza wazazi ni wajibu usioondolewa na chochote. Lakini anayezaa ili alishwe humtwisha mtoto mzigo kabla hajazaliwa, na anayengoja kurithi ili aanze maisha huomba kifo bila kutamka. Anza na kilicho chako, hata kikiwa kidogo.

Pili, akiba isikae mahali pamoja wala katika umbo moja. Wale walioweka vyote katika noti walipoteza vyote mwaka 1979 na 1993. Waliokuwa na ng'ombe peke yake walipoteza vyote mwaka 1996. Katika vijiji vyetu mutuelle za mshikamano zina masanduku: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa msiba na ugonjwa, na la bluu kwa fedha zitokazo nje. Kijana anayeweka fungu lake dogo kila juma huweka pia jina lake, maana wenzake hujua kama ni mwaminifu. Mchikichi uliopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na huendelea kuzaa miaka mingi aliyeupanda anapozeeka.

Tatu, ukipata kazi ya mkataba, uliza kama mwajiri amekuandikisha katika Kaseti ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS, iliyorithi nafasi ya INSS. Kwa ajili ya pensheni mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia ya mshahara, na mwajiri huongeza 5 kwa mia. Ijue nambari yako, hifadhi karatasi zako za malipo. Mwalimu asiye kwenye orodha ya serikali, yule tunayemwita NP, na mkulima, na dereva wa mototaksi, hawana anayewakatia. Nao wajikatie wenyewe.

Nne, karatasi. Mwandikishe mtoto katika siku 90 za kwanza. Iandikishe ndoa. Fedha za simuni zina nambari ya siri inayokufa pamoja na mwenyewe. Iweke ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtu unayemwamini. Nakala za hati ziwe mahali pawili, kwa sababu kwetu nyumba huchomwa na mito hufurika.

Tano, msingoje mvi. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, jirani zetu wa Sange walipoteza watu zaidi ya 200 katika moto wa lori la mafuta. Wengi walikuwa vijana na watoto. Kila aliyekufa kwa ghafla huwaachia wenziwe maswali, na machache kati ya maswali hayo angeweza kuyajibu kwa kalamu na ukurasa mmoja.

Akiba inayooza tumeiona. Katika nyumba yetu, isiyooza ilikuwa daftari la shule la kurasa 48, na ukweli ulioandikwa ndani yake na mtu aliyekuwa bado hai kuulizwa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika familia zetu, ni nani anayetoa bila kuhesabiwa? Tungefanyaje ili naye ahesabiwe?

2. Je, dada zetu wanajua fungu lao katika sheria? Nani awaeleze, na lini?

3. Kila mmoja wetu aandike nyumbani vitu vitatu alivyo navyo na madeni yote aliyo nayo. Ni kipi kilichokuwa kigumu zaidi kukiandika, na kwa nini?

4. Tungewezaje kuzungumza na wazazi wetu juu ya urithi bila kuwaumiza, na ni nani katika ukoo angetufungulia mazungumzo hayo?